Dalmas Hakukataa Kurudi

Nimeendesha gari tangu kabla sijaota ndevu, na maisha yangu yote nimeanguka nalo mara moja tu. Mara hiyo moja nilikuwa nchi ya watu, nimebeba maiti, na mjane wa maiti hiyo ni mdogo wake mke wangu. Mtu akiamua kuharibu, aharibu vizuri.

Ulikuwa mwaka wa themanini na tano. Mpaka wa Sirari ulikuwa umefunguliwa tena si muda mrefu, baada ya serikali zetu kununiana kwa miaka. Dalmas, mume wa shemeji yangu Rosa, alikuwa Mjaluo wa upande wa Bondo. Alikuja kwetu Musoma kuchonga mitumbwi, akanogewa, akaoa, akakaa. Homa ilipomuua, kaka yake Zadock akaja kumchukua, maana kwao mtu hazikwi ugenini. Gari lilikuwa langu, Land Rover niliyoinunua kwa mapadri ilipochoka kumtumikia Mungu.

Kabla hatujaondoka mke wangu alinivuta pembeni.

"Masatu," akasema, "Rosa hajawahi kukanyaga kwa wakwe zake. Hawamjui. Asipoingia leo na mumewe, hataingia tena. Akirudishwa njiani, na wewe usirudi."

Alijua anachosema. Kule kwao Dalmas, mwanamume huzikwa mbele ya nyumba ya mkewe, hata kama nyumba yenyewe imesimamishwa siku hiyo hiyo kwa fito na nyasi. Mke anayeingia na maiti anapata hiyo nyumba na ardhi iliyo chini yake. Asiyeingia anabaki kuwa mtu tu aliyewahi kumfahamu marehemu. Na Rosa alikuwa na watoto wawili, aliowaacha kwetu wakisubiri kuambiwa kwao ni wapi.

Tukaondoka alfajiri. Rosa alikaa nyuma na jeneza. Zadock alikaa mbele na mimi, pande la mtu, fundi cherehani asiyependa maneno. Kwa kuwa yeye hapendi maneno, nikayatumia ya kwake pia. Nilimweleza jinsi ninavyoendesha, jinsi magari yanavyonitii, jinsi madereva wa Musoma wanavyonisalimia kwa kuvua kofia. Maneno hayo yalipoisha nikaingia kwenye sifa za nchi yangu.

"Watu wanasema mnateseka huko," Zadock alisema tulipopita Migori.

"Uongo mtupu. Hatukosi kitu."

"Sabuni?"

"Ipo."

"Sukari?"

"Ipo."

Sikudanganya. Ilikuwepo, mahali fulani. Zadock akalitazama shati langu, lililofuliwa kwa majani ya mpapai.

Kuanzia Kisii maduka yaliyojaa bidhaa yakaanza kunipita pembeni, nami nikayaacha yapite. Nilikaza macho mbele kama raia mwema. Oyugis nikakaza. Sondu nikakaza. Tulipofika Ahero shingo ilikuwa inauma. Pale Nyamasaria, ukikaribia kuingia Kisumu mjini, kulikuwa na kibanda cha mbao kando ya barabara, na dirishani mwake kulikuwa na mkate.

Sisemi mkate mmoja. Ulikuwa ukuta wa mikate, imevikwa karatasi za kung'aa, imepangwa mpaka juu, na mbele yake hapakuwa na mteja hata mmoja. Kwetu siku hizo, ukitaka mkate, unakwenda gizani kuweka jiwe lako kwenye foleni likushikie nafasi, halafu unarudi asubuhi kugombana na aliyelisogeza jiwe. Nikajiambia foleni lazima ipo, labda imezungukia nyuma ya kibanda. Nikawa naitafuta. Nikiwa bado naitafuta, barabara ikapinda. Land Rover haikupinda.

Tulipita juu ya benchi la mwenye kibanda, tukashuka mtaroni, tukasimama kwenye tope, gari limelala ubavu kidogo kama ng'ombe anayecheua. Nikasikia jeneza likiteleza na Rosa akilishika. Hakuna aliyeumia. Zadock alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili.

Sasa, mimi nilikuwa najua cha kufanya mtu akipata ajali nchi ya watu. Madereva wakubwa walinifundisha. Usilisogeze gari. Usiondoke. Usikubali kosa. Ngoja polisi. Niliyafuata yote, na ndivyo mambo yalivyozidi kuharibika.

"Usukani umekataa," nilimwambia Zadock kabla hajauliza.

Watu wakaja mbio, watu wema, wakatutoa. Polisi akaja kwa baiskeli.

"Dereva ni nani?"

"Mimi, afande. Natoka Musoma, Tanzania."

"Kuna mtu ameumia?"

"Hakuna, afande. Wote wazima." Halafu, kwa kuwa napenda kusema mambo kamili, nikaongeza, "Isipokuwa maiti."

Polisi akaisimamisha baiskeli polepole.

"Maiti iko wapi?"

"Huko nyuma."

"Na unaniambia hakuna mtu ameumia."

"Huyo alikufa Jumanne, afande."

"Leo ni Alhamisi. Gari imeanguka lini?"

"Leo."

"Kwa hivyo alikufa Jumanne, kwa ajali ya leo."

"Alikufa kwa homa."

"Wewe ni daktari?"

"Hapana."

"Basi wacha kusema alikufa na nini."

Zadock ndiye aliyeniokoa. Alizungumza naye Kijaluo, akamwonyesha cheti cha hospitali, akamfungulia mlango wa nyuma. Polisi alipoliona jeneza na Rosa aliyelikumbatia, akavua kofia. Akasema kama hakuna aliyeumia na mwenye benchi hana neno, yeye hajaona kesi. Twende tukazike. Nilikuwa nimejiandaa kwa kamba ya kupimia na maswali mazito. Nikabaki kama mtu aliyevaa suti kwenda harusini akakuta imeahirishwa.

Trekta la miwa lilikuwa linarudi Muhoroni kutoka gereji mjini. Dereva wake, Mluhya mmoja mcheshi aitwaye Wakhisi, akafunga mnyororo akatuvuta mpaka juu. Nikawasha gari, likawaka. Wakhisi akapanda, akazungusha usukani huku na huku, akakanyaga breki, akasogea mbele na nyuma.

"Mzee, hii gari haina makosa," akasema. "Usukani iko sawa kama ya jana. Nani anaitengeneza?"

"Mimi mwenyewe," nikasema, kifua mbele. Hapo ndipo akili iliponipotea.

Zadock alikuwa anasikiliza. Akaja akasimama karibu nami.

"Masatu, umewahi kuanguka na gari?"

"Sijawahi."

"Ulikuwa umesinzia?"

"Mimi? Mimi sisinzii."

"Barabara mbaya?"

"Lami safi kabisa."

"Na gari haina makosa."

"Gari hili? Hata siku moja."

Akatikisa kichwa. "Basi ni yeye," akasema, akaligeukia jeneza.

Waliosimama pale wakasema "aaa," wakarudi nyuma hatua moja. Walielewa kabla yangu. Maiti anayebebwa kurudi nyumbani, kama kuna jambo halimridhishi, anakataa. Gari linazimika, au linaingia mtaroni, na dereva mwema hajui kwa nini. Nilikuwa nimemthibitishia Zadock kwa mdomo wangu kwamba dereva ni mwema na gari ni jema. Akabaki Dalmas.

Zadock akaweka kiganja juu ya jeneza. "Dalmas, omera," akasema taratibu, "wadhi dala." Ndugu yangu, twende nyumbani. Akainamisha sikio kama anayesubiri jibu. Kisha akamgeukia Rosa, akazungumza kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Mama, ndugu yangu ametoka Musoma mpaka hapa bila shida. Sasa tunakaribia nyumbani, anakataa. Kuna kitu kwa hii gari hataki kuingia nayo kwake. Mimi siwezi kubishana na maiti. Stendi iko hapo mbele. Nitakutafutia basi ya Sirari."

Rosa hakulia. "Nimeishi na Dalmas miaka yote hii," akasema. "Kitu alichokikataa, alikuwa anasema."

"Sasa amesema."

Zadock hakuwa mtu mbaya. Yeye na Dalmas waligombana zamani kwa ajili ya mtumbwi wa baba yao, wakafa hawajasemezana, maana yake mmoja amekufa na mwingine amebaki na maneno tumboni. Jasho lilikuwa linamtiririka usoni. Kama Dalmas alikuwa anamkataa mtu, garini mlikuwa na watu wawili wa kukataliwa, na Zadock aliomba awe yule mwingine.

Akilini nikaliona basi la Sirari. Nikamwona mke wangu mlangoni. Nikaona watoto wale wawili.

"Zadock," nikasema, "si yeye. Ni mimi."

"Si ulisema usukani?"

"Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Aibu."

"Aibu ya nini?"

Kundi lote lilikuwa linanitazama, Wakenya watupu. Ningekuwa na mahali pengine pa kusemea, ningekwenda.

"Nilikuwa natazama mkate," nikasema.

Wakhisi ndiye aliyeuliza, kutoka juu ya trekta. "Mkate gani?"

"Ule."

Wote wakageuka wakalitazama dirisha la kibanda.

"Hiyo ni mkate tu," Wakhisi akasema.

"Ndiyo."

"Ya kukula."

"Najua ni ya kula."

"Sasa ulikuwa unatazama nini?"

"Nilikuwa natafuta foleni."

Walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Zadock hakucheka.

"Si ulisema huko kwenu hamkosi kitu?"

Basi pale kando ya barabara ya Nyamasaria nikaibomoa nchi yangu tofali kwa tofali. Nikawaambia habari ya jiwe la foleni. Nikawaambia habari ya sabuni na majani ya mpapai, nikawapa shati langu wanuse. Nikawaambia sukari inatolewa kwa kibali, na mwenye kibali ana shemeji wengi kuliko mimi. Kadiri nilivyosema ukweli ndivyo walivyonionea huruma, na kadiri walivyonionea huruma ndivyo walivyozidi kutoniamini.

"Bwana Masatu," Zadock akasema, akanishika bega, "wewe una roho nzuri. Unajisingizia ndio umwokoe shemeji yako. Lakini hakuna mtu mzima anaweza kuingia kwa mtaro juu ya mkate."

Nimeitwa majina mengi maishani. Siku ya kwanza kuitwa mwenye roho nzuri ilikuwa siku niliyokuwa natafuta kwa nguvu zote kuonekana mpumbavu, na upumbavu wenyewe ninao, na watu wanakataa kuupokea. Nikamwambia nitarudi nyuma na gari nipite tena, aone mwenyewe. Akasema maiti mmoja anatosha.

"Mimi pia niliuona ule mkate," Rosa akasema.

"Wewe ni shemeji yake," akajibiwa na mtu nisiyemwona.

Hapo mwenye kibanda akatoka. Alikuwa anaitwa Aoko, mwanamke mnene mwenye kitambaa chekundu kichwani. Muda wote ule alikuwa anaokota vipande vya benchi lake. Sasa akavitupa chini.

"Wacheni niseme," akasema. "Mimi nilikuwa nimesimama hapo dirishani. Huyu mzee alinikazia macho kutoka kule kwa ile kona mpaka hapa. Hakupepesa hata kidogo. Nikajiambia, huyu ataanguka. Akaanguka."

Watu wakasema "aaa" tena, lakini hii ilikuwa ya namna nyingine, ya watu walioelewa na wanafurahi kuelewa.

Ningenyamaza, mambo yangeisha. Lakini nimezaliwa na mdomo usio na breki.

"Mama, nilikuwa natazama mkate," nikasema.

"Mkate ilikuwa nyuma yangu."

"Ndiyo. Ulikuwa unanikinga nisiuone vizuri."

Niliona uso wake ukifungwa kama duka. Nikajua mtaro wa kwanza ulikuwa mdogo.

"Ati nilikuwa nakukinga," Aoko akasema.

"Sikuwa na maana—"

"Basi mimi sijui kitu. Mimi ni mtu wa kukinga mkate. Ulizeni maiti." Akainama kuokota vipande vyake.

Zadock akanigeukia. Mimi ni mzee wa kanisa, nashika sahani ya sadaka. Mdogo wake mke wangu alikuwa amesimama pale, na huyo akiona jambo anampelekea dada yake kama lilivyo, na kilichobaki anajazia. Nikamtazama Rosa. Alikuwa ameweka mkono juu ya jeneza na hakuwa ananiomba chochote.

"Masatu," Zadock akasema, "ulikuwa unatazama mkate, ama huyu mama?"

"Huyu mama," nikasema.

"Sema vizuri," Aoko akasema bila kuinuka.

"Nilikuwa namtazama huyu mama. Nikasahau barabara."

"Na mkate?"

"Mkate sikuuona."

"Hata moja?"

"Hata mmoja."

Aoko akainuka, akakifunga upya kitambaa chake, akaingia kibandani. Benchi hakuliulizia tena.

Zadock akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetuliwa gunia. "Sasa hiyo naelewa," akasema. Akaligonga jeneza kidogo kwa vidole. "Dalmas, umesikia? Ni dereva." Macho yalikuwa yamemlowa, akayafuta kwa mkono wa shati. Kisha akamwambia Rosa, "Mama, panda twende. Watatungoja."

Wakhisi akaondoka na trekta lake akicheka peke yake. Nilimsikia mpaka alipopotea.

Kutoka hapo Zadock alinigeuza kuwa mtoto. Kila tulipokutana na mwanamke kando ya barabara, awe mzee, awe amebeba kuni, alininyooshea kidole kwenye kioo. "Mbele. Tazama mbele." Pale Kibuye soko lilikuwa limejaa akina mama, na nadhani sijawahi kuitazama lami kwa heshima vile. Kisian, mbele. Bondo mjini, mbele. Nyuma nilisikia Rosa akikohoa kikohozi ambacho si kikohozi, na pamoja na msiba wote nikajua anacheka.

Tulifika jua likielekea kushuka. Watu walikuwa wengi, na vilio vikapanda tulipoingia. Vijana walikuwa juu ya kijumba kipya, wanamalizia kuezeka. Lakini Land Rover ilikuwa na tope mpaka madirishani na uso wake umekunjika, na wote wakaona. Vilio vikapungua. Mama yao, bibi mmoja mwembamba aitwaye Dorca, akaja akaupapasa ubavu wa gari kama anayempapasa mgonjwa.

"Gari imefanya nini, Zadock?" akauliza. "Mtoto wangu alikataa?"

Vijana juu ya paa wakasimama, nyasi mikononi. Zadock alikuwa na njia mbili, na hakuna wa Nyamasaria aliyekuwepo kumsahihisha. Alimtazama Rosa, akanitazama mimi.

"Hakukataa, mama," akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Dalmas amekuja vizuri na bibi yake. Ni huyu dereva. Alikuwa anatazama wanawake kwa barabara."

Dorca akaja mpaka mbele yangu, akanikagua kuanzia viatu mpaka upara.

"Na mzee hivi," akasema.

Kisha akamshika Rosa mkono. "Kuja," akamwambia kwa Kiswahili chake cha kutafuta. "Nyumba yako bado haina mlango. Lakini kuja tu."

Dalmas akalazwa mbele ya nyumba hiyo, na Rosa akaketi kichwani pake.

Mimi nilipewa mlinzi. Alikuwa mzee mmoja wa ukoo, jina lake Obiero, aliyekabidhiwa kiti na fimbo na kazi ya kuhakikisha siwasumbui wasichana. Tukakalishwa karibu na ua, tumeelekea ua. Chakula kililetwa na wavulana. Wanawake waliopita na maji walikuwa wananong'ona, halafu wanacheka kwa staha ya msibani. Nilijaribu mara moja kumweleza Obiero habari ya mkate. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia amewahi kuwa kijana pia, hakuna haja ya kutunga.

Asubuhi baada ya maziko Rosa alikuja kunisalimu, akiwa mbali kidogo, kama walivyomwelekeza.

"Dada nitamwambia nini, shemeji?"

"Mwambie umefika."

"Na hayo mengine?"

"Hayo mengine yatafika kabla yangu."

Alirudi jikoni. Mimi na Obiero tukaendelea kuulinda ua. Baadaye kidogo nikasikia wanawake wakiita, "Nyar Musoma! Nyar Musoma!" Binti wa Musoma. Ndivyo wanavyowaita wake wa pale, kila mmoja kwa jina la alikotoka. Walihitaji sufuria. Hakuna aliyeitika, maana mwenye jina alikuwa hajajua kuwa ni lake. Wakaita tena, na mmoja akamtajia kwa Kiswahili, "Ni wewe, mama." Ndipo nikaisikia sauti ya shemeji yangu ikiitika, na sufuria ikigongana na mafiga.

Nikataka kugeuka. Obiero akaniwekea fimbo begani.

"Kaa tu," akasema. "Wanaita mtu wa hapa."